Kirusi Hakivunji Mlango, Sisi Ndio Tunaokifungulia

Tuseme ni Jumatano saa tano asubuhi na uko zako Annex, hapa Eldoret. Ulimaliza chuo mwaka jana, cheti kiko kwenye bahasha ya kaki, na kazi bado hujapata. Simu inalia. Ni barua pepe: "Hongera, umeteuliwa kuhudhuria mahojiano." Jina la kampuni unalijua vizuri. Kuna fomu imeambatishwa, na chini yake onyo kwamba usipoirudisha kabla ya saa nane mchana, nafasi yako atapewa mwingine.

Utafanya nini? Sema ukweli.

Wengi wetu tutafanya hivi. Simu ikikataa kuifungua hiyo fomu, tutaituma kwa anwani ya saiba ya hapo chini, tushuke ngazi mbio na kumwambia jamaa wa saiba, "Bosi, nichapishie hiyo, niko na haraka." Jamaa anabofya. Kompyuta inasitasita kidogo, lakini hakuna fomu inayotokea. Anabofya tena. Kimya. "Hii faili yako ni mbovu," anasema. Unamshukuru, unatoka, unarudi nyumbani ukilaani bahati yako.

Kumbe faili haikuwa mbovu. Ilifanya kazi yake vilivyo. Kuanzia dakika hiyo, kila mtu atakayekalia kiti hicho kuomba mkopo wa HELB, kujaza ritani za KRA au kusoma barua zake, maneno yake ya siri yanachotwa na mtu asiyemjua wala hatawahi kumwona.

Kisa hicho tumekibuni, lakini hakuna hatua hata moja ndani yake iliyo ngeni kwako. Tukizungumza kuhusu virusi vya kompyuta, wengi huwaza mdukuzi aliyejifunika kofia ya sweta, amekaa gizani akivunja kuta kwa ustadi wa ajabu. Mara nyingi hakuna ukuta uliovunjwa. Mtu alibisha hodi, tukamfungulia. Na tulipogundua tumemfungulia mwizi, tukanyamaza kwa sababu ya aibu. Haraka ndiyo inayokiingiza kirusi ndani. Aibu ndiyo inayokisambaza. Huo ndio msimamo wetu leo, na tunakuomba dakika chache tuueleze.

Barua moja ya mapenzi

Turudi nyuma kidogo. Mei 4, 2000, huenda wewe hukuwa umezaliwa, wafanyakazi wa ofisi nyingi duniani walikuta barua pepe yenye kichwa "ILOVEYOU". Ilitoka kwa mtu wanayemjua: mfanyakazi mwenza, mteja, wakati mwingine bosi mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Nani asingetaka kujua bosi anampenda kwa nini?

Sasa angalia ujanja wake. Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho za jina la faili, zile zinazoonyesha aina yake. Kwa hivyo watu waliona .TXT tu, yaani maandishi ya kawaida yasiyo na madhara. Ile .vbs iliyofichwa ndiyo iliyokuwa programu yenyewe. Ukiibofya, iliharibu picha zako kwa kuweka nakala zake mahali pake, kisha ikajituma kwa kila mtu aliye kwenye kitabu chako cha anwani cha Outlook. Nao wakaifungua kwa sababu imetoka kwako. Kwa siku chache mamilioni ya kompyuta yalikuwa yameambukizwa, na hata Bunge la Uingereza lililazimika kufunga mfumo wake wa barua pepe kwa muda.

Aliyekiunda kirusi hicho hakuwa jasusi wa nchi kubwa. Alikuwa kijana wa Manila, Ufilipino, anayeitwa Onel de Guzman, mwanafunzi wa kompyuta. Chuoni aliwahi kupendekeza mradi wa programu ya kuiba maneno ya siri ili watu wasio na pesa watumie intaneti bure, na walimu wakaukataa. Yaani shida ilianzia pale pale inapokuumiza wewe: bando. Ufilipino wakati huo haikuwa na sheria iliyogusa kosa kama hilo, hivyo mashtaka yakaondolewa. Miaka 20 baadaye alikiri kwa mwandishi wa habari wa Uingereza kwamba kazi ile ilikuwa yake.

Kuna mambo mawili ya kubeba kutoka kwa kisa hicho. La kwanza, chambo hakikuwa teknolojia. Kilikuwa mapenzi. La pili, kila aliyeambukizwa aliambukizwa na mtu anayemwamini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hawakuwa hata na umeme.

Usiseme hayo ni ya Wazungu

Mei 2023 shirika la habari la Reuters lilichapisha uchunguzi kuhusu udukuzi wa miaka kadhaa uliolenga wizara na taasisi za serikali ya Kenya. Kulingana na ripoti hiyo, wadukuzi waliohusishwa na China walikuwa wakitafuta habari kuhusu madeni ambayo Kenya inadaiwa na Beijing. China ilikanusha kuhusika.

Sisi leo hatuna haja ya kuamua nani ni nani katika siasa hizo. Tunachotaka ukione ni mlango ulioingiliwa. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, yote yalianza mwishoni mwa mwaka 2019 wakati mfanyakazi mmoja wa serikali alipopakua hati iliyokuwa na programu ya kijasusi, bila kujua. Hati moja na mbofyo mmoja. Kutoka hapo wakatembea hadi taasisi nyingine.

Huyo mfanyakazi huenda alikuwa na digrii nzuri kuliko yako. Huenda alikuwa na walinzi getini na kamera kwenye ukuta. Lakini aliletewa hati iliyofanana na zile anazopokea kila siku, naye akaifungua jinsi anavyofungua nyingine zote. Usimcheke. Hata wewe kesho unaweza kuwa yeye.

Kirusi cha leo kina adabu

Virusi vya zamani vilipenda kujitangaza. Vilikufutia picha, vikakuonyesha fuvu la kichwa kwenye skrini, ukajua umepigwa. Vya leo vina adabu sana. Vinaingia kimya na kukaa kimya, kwa sababu vimekuja kazini.

Chukua Emotet, kirusi kilichojulikana tangu mwaka 2014. Kilikuwa kinaingia kwa hati ya Word iliyokuomba ubofye kitufe cha kuruhusu maudhui ili uisome vizuri. Ukibofya, umeruhusu amri zilizofichwa ndani. Kisha kiliiba mazungumzo yako ya zamani ya barua pepe na kujibu humo humo. Yaani rafiki yako anapata jibu la barua aliyokuandikia kweli, lenye maneno yake mwenyewe chini, na kiambatisho kipya juu. Nani atashuku? Januari 2021 polisi wa nchi kadhaa za Ulaya na Amerika Kaskazini waliungana kuuvunja mtandao huo wa kompyuta. Kufikia Novemba mwaka huo huo, kilikuwa kimerudi.

Kuna pia virusi vya kuchota data. Hivi ndivyo vinavyopaswa kukunyima usingizi. Kivinjari chako, kile unachotumia kuingilia mtandaoni, huhifadhi maneno ya siri uliyokiruhusu kukumbuka. Huhifadhi pia vipande vidogo vya data viitwavyo kuki, ambavyo huiambia tovuti, "Huyu tayari ameingia, usimwulize tena." Kirusi kikinakili kuki hizo, mwizi anaweza kuingia kwenye akaunti yako bila nenosiri, na wakati mwingine hata bila ile nambari inayotumwa kwa simu yako. Oktoba 2024 polisi wa Uholanzi na wenzao walivamia mitambo ya virusi viwili maarufu vya aina hiyo, RedLine na META. Ilikuwa kazi nzuri, lakini biashara hiyo ina wauzaji wengi.

Unaweza kuuliza, mimi hohehahe wa Langas nina nini cha kuibiwa? Una anwani ya barua pepe. Fikiria ni vitu vingapi vimefungwa kwenye kamba hiyo moja. KRA hukutumia ujumbe huko. HELB huko huko. Ukisahau nenosiri la eCitizen, unalirudisha kwa njia hiyo. Kama unafanya kazi za kuandika mtandaoni, na Eldoret ina vijana wengi wanaojipatia riziki hiyo, akaunti yako ya kazi na njia yako ya kulipwa zote zinaishia hapo. Anayeshika barua pepe yako ameshika ufunguo mama. Hahitaji kuvunja milango mingine. Anabofya "nimesahau nenosiri" kisha anasubiri barua, kama wewe tu.

Kwa nini Eldoret

Agosti 15, 2024 Eldoret ilipata hadhi ya jiji, la tano nchini. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu. Lakini Sisibo hii yetu ina mambo matatu yanayorahisisha kazi ya mwenye kirusi.

Kwanza, ni mji wa wanafunzi na wahitimu. Kuanzia Kesses hadi Chepkoilel, kila mwaka maelfu wanatoka vyuoni na kuanza kutuma maombi. Mtu anayesubiri kazi hufungua kila barua. Ongeza hapo kiu ya kwenda ughaibuni. Mwaka 2023 wazazi waliandamana hapa mjini wakidai pesa walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Canada. Sakata hiyo haikuhusu virusi hata kidogo, lakini ilionyesha wazi familia zetu ziko tayari kutoa nini ili mtoto apate nafasi. Wanaoandika barua za ulaghai nao wanasoma habari. Wanajua mtu wa Uasin Gishu akiona "ufadhili wa masomo" moyo unaruka.

Pili, tunatumia mashine kwa ushirika. Saiba moja kando ya barabara ya Uganda inaweza kupokea watu wa kila aina kwa siku moja: mama anayetafuta cheti cha kuzaliwa, komredi anayechapisha kazi ya muhula, mwanariadha anayetuma pasipoti kwa wakala wa mbio za ng'ambo. Wote wanapita kwenye kibodi moja na flashi zao zinaingia tundu moja. Kirusi kikilala hapo, kimepata stendi ya matatu.

Tatu, tunapenda vya bure. Ile Windows uliyowekewa na rafiki hosteli, na ile programu ya kuhariri video iliyovunjwa kufuli, huja na kijiprogramu cha kuiamsha ambacho sharti lake la kwanza ni, "Zima antivirusi kwanza." Hebu rudia sentensi hiyo polepole. Mtu usiyemjua anakuambia umfukuze mbwa ndipo aingie kukusaidia, na wewe unamfukuza!

Fanya haya, na uyafanye leo

Hatuandiki haya kukutisha. Kinga nyingi hazina gharama, na hazihitaji ujue kompyuta sana.

Soma anwani, usisome jina. Jina la mtumaji mtu huandika anachotaka, hata "Ofisi ya Rais". Anwani husema zaidi kuliko jina, tena isome kuanzia mwisho. Taasisi za serikali ya Kenya huishia na .go.ke. Ukiona kra.go.ke.fomu-mpya.com, usidanganywe na mwanzo wake. Kilicho karibu na .com ndicho kinachomtaja mwenye nyumba, na hapo mwenye nyumba ni "fomu-mpya", si KRA.

Thibitisha kwa njia nyingine. Umeitwa mahojiano? Tafuta nambari ya kampuni mwenyewe, usitumie iliyo ndani ya barua, upige simu. Rafiki amekutumia faili ambayo hukuitarajia? Mpigie. Dakika moja ya simu ni rahisi kuliko mwezi wa kutafuta akaunti. Na ukiona barua inakuharakisha, "kabla ya saa nane", "saa 24 zimebaki", hiyo haraka yenyewe ichukue kama dalili.

Fichua herufi za mwisho. Kwenye kompyuta ya Windows fungua folda yoyote, nenda kwenye View, kisha uwashe File name extensions. Kuanzia hapo utaona jina kamili la karibu kila faili. Fomu ya kazi haiishii kwa .exe, .vbs, .js, .scr wala .lnk. Ukikuta jina kama CV.pdf.exe, hiyo ni ile barua ya mapenzi ya mwaka 2000 imebadilisha nguo.

Tazama kabla ya kupakua. Gmail hukuwezesha kuisoma hati ndani ya kivinjari bila kuiteremsha kwenye mashine. Hati ya Word ikikuomba uruhusu maudhui ndipo uisome, ifunge. Tangu mwaka 2022 Microsoft yenyewe ilianza kuzuia amri zilizofichwa katika hati zinazotoka mtandaoni, kwa hivyo mtu anayekupa maelekezo ya kukwepa kizuizi hicho ana sababu yake. Na faili ya zip iliyofungwa kwa nenosiri, huku nenosiri lenyewe limeandikwa ndani ya barua hiyo hiyo? Jiulize kufuli hiyo inamzuia nani. Wewe umepewa ufunguo. Anayezuiwa ni mkaguzi wa virusi, asiweze kuchungulia ndani.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Tulisema kuki zikiibiwa hatua hii inaweza kukwepwa, lakini inamzuia kila mwizi mwenye nenosiri peke yake, na hao ni wengi. Google pia hukupa nambari kumi za akiba. Ziandike kwenye karatasi uiweke nyumbani, kwa sababu simu ikiibiwa stejini utazihitaji.

Ukiwa saiba, kuwa mgeni mwenye adabu. Fungua dirisha la faragha. Kivinjari kikiuliza kikukumbukie nenosiri, kataa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti, usifunge tu dirisha. Mambo ya pesa na barua yako kuu, yafanyie kwenye simu yako mwenyewe. Na simu nayo ina mtego wake. Virusi vya Windows haviwezi kuiendesha, lakini ukurasa wa kughushi unaofanana na wa Google unakudanganya kwenye simu vile vile, na programu ya APK iliyoletwa kwa barua usiiweke hata ukiahidiwa mbingu.

Kubali masasisho. Tunajua yanakula bando. Lakini Windows 7 iliacha kupokea marekebisho ya usalama Januari 2020, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025. Mashine iliyoachwa hivyo ni nyumba ambayo fundi ametangaza hatarudi kuziba nyufa. Kama mashine yako iko sawa, antivirusi ya bure inayokuja na Windows inakutosha. Usiizime tu.

Ukipigwa, sema

Sasa tufike mahali ambapo watu hawapendi kufika. Tuseme umeshabofya. Umegundua jioni, na tumbo linakata. Ufanye nini?

Kata intaneti kwenye mashine hiyo, zima Wi-Fi au uchomoe waya. Chukua kifaa kingine unachokiamini, ubadilishe nenosiri la barua pepe kwanza, halafu la pesa, halafu mengine. Ingia kwenye ukaguzi wa usalama wa akaunti ya Google, utazame orodha ya vifaa vilivyomo, na uondoe usivyovijua. Kuondoa kifaa ndiko kunakomfungia nje mwizi aliyeingia kwa kuki. Angalia pia mipangilio ya kuelekeza barua, maana wezi hupenda kuacha amri ya siri ya kujitumia nakala ya kila unachopokea, na amri hiyo hubaki hata ukibadilisha nenosiri. Kisha ikague mashine kwa antivirusi. Ikiwa ni ya saiba, rudi umwambie mwenyewe.

Halafu fanya lile gumu. Waambie watu wako. Si lazima uandike insha. Andika tu, "Wasee, kuna barua imetoka kwa akaunti yangu leo. Msiifungue. Nilipigwa." Basi.

Tunajua kwa nini huo ujumbe haupendi kutoka. Wewe ndiye uliyesoma IT. Wewe ndiye unayewafungulia wazazi simu zao kijijini. Utaonekana mshamba. Kwa hivyo unabadilisha nenosiri kimyakimya na kuomba Mungu lisizidi. Lakini wakati wewe unaomba, barua yenye jina lako iko kwa shangazi yako, kwa mwalimu wako wa zamani, kwa mteja wako. Wanaifungua kwa sababu wanakuamini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa jambo hili kifo chenyewe hakikuanzi wewe. Kinaanza na wanaokupenda.

Na sisi tunaopokea ujumbe kama huo tuna deni. Mtu akisema "nilipigwa", usimcheke wala usimfanye meme kwenye grupu la darasa. Ukimcheka leo, umewafundisha wengine arobaini kunyamaza kesho. Mwambie asante, kisha ukague akaunti yako.

Wengine nao wawajibike

Itakuwa uonevu kumwachia kijana mzigo wote. Sheria ipo. Ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, iliyotiwa saini Mei 16, 2018, iliweka faini ya hadi Sh300,000, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayetuma ujumbe wa ulaghai ili kukuchotea taarifa zako. Kituo cha kitaifa cha kushughulikia mashambulizi ya mtandaoni, KE-CIRT, kiko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano na kinapokea ripoti za wananchi. Na wahalifu hukamatwa: katika operesheni ya Interpol ya Septemba na Oktoba 2024 iliyohusisha nchi 19 za Afrika, Kenya ikiwemo, washukiwa 1,006 walitiwa mbaroni. Kwa hivyo piga ripoti. Kesi isiyoripotiwa haina mpelelezi.

Lakini polisi huja baada ya mwizi kutoka. Tunaomba wengine watatu waje kabla.

Vyuo vyetu vina wiki ya kuwakaribisha wanafunzi wapya. Komredi huonyeshwa maktaba, zahanati na mahali pa kulipa karo. Aonyeshwe pia, kwa saa moja tu, jinsi ya kuilinda ile barua pepe ambayo chuo chenyewe kinamlazimisha kuitumia kwa miaka minne.

Wenye saiba, nyinyi ndio zahanati ya mtaa. Wekeni mashine moja ya kufungulia faili za wateja, isiyotumika kuingilia akaunti za mtu yeyote. Sasisheni Windows. Msiwahifadhie wateja maneno ya siri, hata wakiomba. Andikeni mlangoni kwamba hapa mashine husafishwa kila jioni, mtaona kama wateja hawataongezeka.

Waajiri nao wachapishe wazi anwani wanazotumia kuita watu kwenye mahojiano, na waache kumpa mtu saa tatu za kurudisha fomu. Kampuni ya kweli ikiandika kwa haraka kama tapeli, inamfundisha kijana kumtii tapeli.

Turudi sasa kwa yule kijana wa Annex na barua yake ya hongera. Hatutaki aogope kila barua, maana siku moja itakuja ya kweli na ni lazima aifungue. Tunachotaka akae chini dakika tano. Asome anwani kuanzia mwisho. Atafute nambari ya kampuni, apige simu, aulize, "Ni nyinyi mlioniandikia?" Wakisema ndiyo, ashuke saiba akachapishe fomu yake kwa raha zake. Wakisema hapana, awaandikie marafiki zake wote wanaotafuta kazi, awaambie barua hiyo inazunguka.

Hizo dakika tano hazitamkosesha kazi yoyote ya kweli. Na ule ujumbe wake kwa marafiki huenda ukamwokoa mtu aliyekuwa tayari anashuka ngazi.